Mgongo unaniuma miezi sasa, MRI inasema diski imetokeza. Kuna kupona bila kisu na bila vidonge?

Cherehani_Yangu:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo ya mgongo maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Kazi yangu ni kushona, kwa hiyo asubuhi mpaka jioni nimeinamia cherehani, na hii ni miezi sasa kiuno kinauma chini upande wa kulia, kilianza kidogo kidogo nikajua ni uchovu tu, sasa hivi maumivu yanashuka kwenye kalio yanapita nyuma ya paja na siku nyingine yanafika mpaka kwenye shavu la mguu. Nikiinama kuvaa viatu ni shida, nikipiga chafya ndo usiseme.

Nimepigwa MRI, ripoti inasema diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni imetokeza na inagusa mshipa wa fahamu, afu diski nyingine mbili "zimechakaa". Hilo neno limeniondolea usingizi kabisa, nina miaka 38 tu jamani. Daktari hakunilazimisha upasuaji, alisema tusubiri kwanza, akanipa dawa za maumivu ambazo kweli zinapunguza ila tumbo langu halizitaki na zikiisha nguvu maumivu yanarudi palepale. Nyumbani nako kila mtu ana lake, huyu nisitoke kitandani, yule nifunge mkanda, mwingine nilale sakafuni. Sasa hivi hata kumbeba mwanangu naogopa, naona kama kitu kitakatika huko ndani.

Je, inawezekana kupona bila kisu na bila kuishi kwa vidonge? Na kama inawezekana naanzia wapi?

Mtu_wa_Fizio:

Pole sana ndugu yangu. Kazi yangu ni fiziotherapia na watu wa aina yako ndio nakutana nao kila siku, kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu, nivumilie.

Ila kwanza kabisa nijibu haya bila aibu. Sehemu za siri na lile eneo linalogusa kiti ukikaa, kuna ganzi? Mkojo unakataa kutoka, au unakutoka bila kujua, au haja kubwa huizuii? Miguu yote miwili imeanza kukosa nguvu, au unyayo unaburuzika ukitembea? Kama lipo hata moja acha kusoma hapa nenda hospitali leo leo, usisubiri kesho, kwa sababu hiyo inaweza kuwa ni mishipa ya mwishoni mwa uti wa mgongo imebanwa na ikichelewa kufunguliwa madhara yanaweza kubaki maisha yote. Hapo kisu ndio msaada wenyewe na mimi siwezi kukuzungusha na mazoezi. Vilevile kama una homa, unapungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku, ulishawahi kuugua saratani, ulianguka vibaya au ulipata ajali, au maumivu hayabadiliki hata ulale vipi, rudi kwa daktari kwanza. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo bila hata kikohozi, na watu wengi hawalijui hili.

Kama vyote hivyo havipo, sasa tuongelee ile ripoti yako maana naona ndio imekuumiza kuliko diski yenyewe.

Mwaka 1994 kule Marekani walichukuliwa watu 98 ambao hawana maumivu yoyote ya mgongo wakapigwa MRI. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyotokeza angalau sehemu moja. Hao ni watu wanaotembea wanacheka hawaumwi kitu. Mwaka 2015 ukatoka uchambuzi mwingine mkubwa uliokusanya vipimo vya watu wasio na maumivu wa rika zote, na hizo diski "zilizochakaa" zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 52 ya wenye miaka 30, mpaka asilimia 96 wakifika miaka 80. Kwa hiyo kwa umri wako wa 38, mwenye diski zinazosomeka vile kwenye picha yuko kwenye kundi la walio wengi. Sisemi huumwi, unaumwa kweli, na kwa jinsi maumivu yanavyoshuka mguuni inawezekana kabisa huo mshipa umekasirishwa na hiyo diski. Nachosema ni kwamba picha inaonyesha umbo tu, haisomi maumivu, na neno "kuchakaa" ripoti ingelitaja hata kama usingekuwa na shida yoyote.

Jambo la pili ambalo wagonjwa wangu huwa hawaliamini nikiwaambia: diski iliyotokeza inaweza kupungua yenyewe. Mwili unatuma seli za kinga zinakuja kuila ile sehemu iliyotoka nje taratibu. Na cha ajabu ile inayotisha zaidi kwenye picha ndio inaliwa vizuri zaidi, kuna uchambuzi wa 2015 uliokuta vipande vilivyokatika kabisa vilipungua vyenyewe kwa asilimia 96 ya wagonjwa, vilivyochomoza sana asilimia 70, na vile vilivyovimba tu kidogo asilimia 13. Bila kisu. Ndio maana daktari wako kasema msubiri, hajakupuuza, kafanya sahihi.

Sasa nijibu na haya: ukikaa na ukitembea, wapi kuna nafuu? Ukilala kifudifudi inakuwaje? Na asubuhi ukiamka?

Safari_Ndefu:

Mimi ni dereva wa masafa, haya mambo nayajua. Mkuu usidanganyike na mazoezi, mgongo ukikamata dawa yake ni kulala tu, lala wiki nzima godoro gumu au chini kabisa, na ukiamka funga mkanda mpana usiuvue. Mwili unajiponya ukiuacha upumzike. Mazoezi na diski imetoka si ndio unaisukuma zaidi?

Cherehani_Yangu:

@Mtu_wa_Fizio asante sana, hata sijui niseme nini, umenitoa mzigo mkubwa. Hizo dalili za hatari zote sina, mkojo na haja viko sawa, ganzi kidogo tu kwenye shavu la mguu siku ambazo nimekaa sana. Homa hakuna, kuanguka hapana.

Kukaa ndio kunaniua. Nikitembea baada ya dakika chache nasikia unafuu. Kifudifudi kuna siku nililala hivyo kwa bahati tu nikashangaa mguu umetulia, lakini nikaogopa kuendelea nikadhani naharibu. Asubuhi nakuwa mgumu kama nusu saa hivi, kuinama kunawa uso ni mateso.

Mtu_wa_Fizio:

@Safari_Ndefu naelewa unachosema kaka na hapo zamani hata madaktari walikuwa wanalaza watu wiki nzima. Lakini mwaka 1986 kuna utafiti Marekani uliochukua wagonjwa 203 wa maumivu ya mgongo, wengine wakaambiwa walale siku mbili, wengine siku saba, na wale wa siku mbili wakakosa kazi kwa siku pungufu kwa asilimia 45, huku kwenye mambo mengine hawakupitwa na waliolala wiki. Ukweli ni kwamba diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, chakula chake na maji vinapenya kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake, na kinachosaidia hiyo kazi ni kukandamizwa na kuachiwa, yaani kujongea. Ukiilaza wiki nzima umeinyima. Misuli nayo inalegea haraka, afu siku unaamka kazi yote inabebwa na mgongo uliodhoofika. Siku moja mbili ya kupunguza mwendo maumivu yakiwa makali sawa, zaidi ya hapo unajirudisha nyuma.

Godoro gumu nalo, Hispania mwaka 2003 walijaribu kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu, la ugumu wa wastani likashinda lile gumu. Kwa hiyo sakafu hapana. Na mkanda, ukiuvaa saa moja unabeba kitu kizito sigombani na mtu, ila kuuvaa siku nzima kutwa ni kuwaambia misuli yako isifanye kazi, na miongozo mingi ya sasa haipendekezi kabisa.

@Cherehani_Yangu majibu yako yamenifurahisha mno. Kukaa kunachochea, kutembea na kulala kifudifudi kunatuliza. Kuna mtu wa fizio wa New Zealand aliitwa Robin McKenzie, mwaka 1956 mgonjwa wake mwenye maumivu ya mguu alijilaza kifudifudi kwenye kitanda ambacho sehemu ya juu ilikuwa imeachwa imeinuka, akabaki hivyo kiuno kimepinda kwenda nyuma, McKenzie anarudi anashtuka, mgonjwa anamwambia mguu haumi tena. Kutokea hapo akajenga mfumo mzima, na kanuni yake kubwa ndio nataka uishike kuliko kitu kingine chochote kwenye huu uzi: angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakiondoka mguuni yakapanda pajani, yakapanda kwenye kalio, yakabaki kiunoni, hata kama kiuno kimeuma zaidi kidogo, unaelekea kuzuri. Yakishuka kuelekea kwenye unyayo au ganzi ikaongezeka, hilo zoezi sio lako, acha.

Anza hivi. Lala kifudifudi dakika mbili tatu, pumua tu. Ukiona mguu umetulia, egemea viwiko kama mtu anayesoma kitabu kitandani, dakika mbili nyingine. Hapo pakikubali, weka viganja usawa wa mabega usukume kifua juu huku nyonga na mapaja yamelala palepale chini, makalio yamelegea, mikono ndio ifanye kazi sio mgongo, shuka, rudia, mara kumi. Fanya hivyo kila baada ya saa mbili au tatu mchana, maana moja kubwa jioni haina faida kama ndogo ndogo nyingi. Kazini ukishindwa kulala simama, viganja nyuma ya kiuno, jipinde nyuma taratibu mara tano sita kisha rudi kwenye cherehani.

Na hapo kwenye cherehani ndipo penye mzizi, nisikufiche. Hata ufanye mazoezi ya dunia nzima, ukikaa saa nne mfululizo umejikunja unarudisha yote. Inua meza au shusha kiti mpaka kitambaa kikufuate wewe badala ya wewe kukifuata, sogeza kiti karibu kabisa, kunja taulo uliweke kwenye ule mwinamo wa kiuno, na kila nusu saa simama hata dakika moja tu. Hakuna mkao mmoja mzuri wa kukaa siku nzima, mwili unataka kubadilishabadilisha.

Asubuhi usijikunje. Usiku diski zinafyonza maji zinajaa, ndio maana mtu anaamka mrefu kidogo kuliko alivyolala, na diski ikiwa imejaa hivyo ukiinama inasukumwa sana. Saa ya kwanza ya siku piga goti kunawa, viatu vaa umekaa umeuleta mguu juu, na ukitoka kitandani geuka ubavu kwanza ushushe miguu ndo ujisukume kwa mkono.

Bado_Nipo:

Naomba niongezee kitu maana mimi maumivu yangu yalikaa miaka na hakuna aliyeniambia hili mapema. Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu na ubongo vinazidi kuwa vyepesi kushtuka. Kuna kisa kimoja kiliandikwa kwenye jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1995, fundi ujenzi wa miaka 29 aliruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15 ukatoboa buti ukatokea juu, alikuwa analia kwa maumivu mpaka kila ukitikisika kidogo anapiga kelele, wakampa dawa kali za usingizi, kuvua buti wanakuta msumari umepita katikati ya vidole, haujagusa hata ngozi. Maumivu yake yalikuwa ya kweli kabisa, ubongo ulikuwa umeshaamua kuna hatari.

Ndio unachosema hapo juu kuhusu kuogopa kumbeba mtoto. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ukiogopa unakaza misuli, ukikaza inachoka inauma, ikiuma unaogopa zaidi, usingizi unakwisha, na usingizi ukikwisha kesho yake kila kitu kinauma mara mbili. Kwangu mimi mambo yalianza kubadilika nilipoanza kulala vizuri, mto katikati ya magoti nikilala ubavu, au chini ya magoti nikilala chali, na chupa ya maji ya moto kiunoni dakika kama 20 kabla ya kulala (ifunge kitambaa isikuunguze). Joto haliponyi diski lakini linalegeza misuli na linakupa nafasi ya kusinzia. Na nikaanza kushika vitu nilivyoviogopa, kidogo kidogo, nyepesi kwanza, ili mwili ujue kumbe inawezekana.

Na kama unavuta sigara, acha. Wavutaji wanaumwa mgongo zaidi, hili lilishaonekana kwenye tafiti nyingi.

Mtu_wa_Fizio:

Umenena vema kabisa @Bado_Nipo. Kuhusu mtoto: usiache kumbeba, badilisha namna. Msogelee mpaka awe karibu na kifua chako, mguu mmoja mbele, goti moja chini, mkumbatie kwanza kisha inuka kwa mapaja na makalio. Na usinyanyue huku unageuka pembeni, inuka kwanza ndo ugeuze miguu. Mgongo unaujua uzito, kinachousumbua zaidi ni uzito ulio mbali na mwili pamoja na kujinyonga.

Kutembea nako usikuone kudogo. Australia mwaka 2024 walitoa matokeo ya utafiti wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo, wakawagawa, wengine wakapangiwa kutembea na kufundishwa kuhusu mgongo, lengo kufika dakika 30 mara tano kwa wiki, wengine wakaachwa waendelee na maisha yao. Kwa walioachwa, maumivu ya kuwakwamisha yalirudi kwa wastani baada ya siku 112, kwa waliotembea siku 208. Viatu tu na barabara. Wewe anza na dakika ambazo mguu unazikubali hata kama ni tano, ongeza kila baada ya siku chache.

Mguu ukishatulia kabisa ndio uingie kwenye kujenga nguvu. Piga magoti uweke na viganja chini, nyoosha mkono wa kushoto mbele na mguu wa kulia nyuma, shikilia sekunde nane hivi bila kiuno kuzama, badilisha. Afu lala ubavu uegemee kiwiko na magoti, inua nyonga, shikilia. Yale mazoezi ya kulala chali kisha kuinua kifua kuelekea magoti kama wanajeshi, achana nako kwa sasa, kunakunja diski kulekule tusikokutaka.

Matarajio: usihesabu kwa siku, hesabu kwa wiki. Wenye diski kama yako wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 mpaka 12. Katikati kutakuwa na siku mbaya, siku mbaya haimaanishi umejiharibu, punguza nusu ya mazoezi usiyaache, kesho kutwa rudi. Dawa nazo mwambie daktari jinsi tumbo linavyokusumbua, mpunguze pamoja naye, usizitupe kimya kimya. Na ukiona mguu unazidi kukosa nguvu, mfano huwezi kutembea kwa visigino au kwa ncha za vidole, hapo usisubiri wiki ziishe, rudi akuone. Ukipata mtu wa fizio akukague kwa mikono hata mara moja itakuwa bora kuliko maandishi yangu yote haya.

Safari_Ndefu:

Sawa mkuu nimekuelewa, mimi nilikuwa sijui habari ya diski kula kwa kujongea. Kwa sisi tunaoendesha je? Kusimama kila nusu saa barabarani haiwezekani.

Mtu_wa_Fizio:

Kila unaposimama kwa lolote lile, mafuta, choo, ukaguzi, shuka kabisa, jipinde nyuma mara tano sita, tembea kuizunguka gari mara mbili ndo upande. Kiti usikilaze sana nyuma, sogea mpaka usinyooshe mguu kufikia klachi, toa pochi mfuko wa nyuma. Na ukifika usikimbilie kushusha mzigo hapohapo, mgongo umetoka kukaa saa nyingi umejikunja, tembea dakika kadhaa kwanza.

Mama_Kijacho:

Samahani naingilia, mimi nina mimba ya miezi saba, kiuno kinauma hivyohivyo, hilo la kifudifudi naliwezaje?

Mtu_wa_Fizio:

Hongera mama. La kifudifudi liache kabisa. Wewe simama ushike ukuta au meza, au piga magoti na viganja chini tumbo lining'inie, zungusha kiuno taratibu bila kukibonyeza chini sana. Lala ubavu, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine mdogo chini ya tumbo, tembea kila siku unavyoweza. Ila kitu kimoja, maumivu ya mgongo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, yanakaza yanaachia yanakaza tena, hasa kabla ya wiki ya 37, yanaweza kuwa uchungu umeanza mapema. Hayo, au ukiona damu au maji, nenda kwa mkunga saa hiyohiyo.